Inchi Nne za Chini

Luhaga Mashimba hakuwa na picha ya mama yake. Alichokuwa nacho ni picha yake mwenyewe, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kijijini Mkula mnamo Julai 1985, alipokuwa na umri wa miezi saba. Katika picha hiyo yuko peke yake, ameketi wima, mashavu yamejaa, mithili ya mwenyekiti anayesubiri mkutano utulie. Kiti alichokalia kimefunikwa khanga kuanzia kwenye kiegemeo hadi chini. Khanga hiyo ndiyo iliyokuwa ya mama. Luhaga aliyajua hayo kwa sababu shangazi yake wa Lamadi, Ernestina, ndiye aliyeinunua na kuipeleka kama zawadi ya uzazi. Mama huyo, Nyanjige, alifariki kabla mwaka ule haujaisha, na bibi aliyemlea Luhaga hakuacha ndani ya nyumba kitu chake kingine chochote.

Mwezi wa tatu mwaka huu Luhaga aligundua kwamba mchwa wameanza kula pembe moja ya picha. Yeye ni karani wa mizani katika chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Msimu wa kununua ulikuwa bado, hivyo kupata ruhusa ya siku moja hakukuwa na shida. Nyuma ya picha palikuwa na muhuri uliofifia, Khatibu Studio, Bariadi, na chini yake namba iliyoandikwa kwa wino. Aliifunga picha ndani ya daftari, akapanda gari la asubuhi. Alimwambia mke wake, Goodness, kwamba anataka ikuzwe hadi maua ya khanga yaonekane, ili walau ajue mama yake alikuwa akijifunga nini.

Studio ilikuwapo bado, mtaa mmoja kutoka stendi, kati ya duka la simu na fundi cherehani. Aliyekuwa akiiendesha sasa ni Tajudin, kijana wa Khatibu, mtu mchangamfu aliyemwita kila mteja kaka au dada bila kujali umri. Mzee Khatibu mwenyewe, ambaye miaka sabini ilikwisha kumpita, alikuwa ameachiwa kazi moja tu katika studio aliyoianzisha: kukata picha za paspoti. Aliketi mwisho wa kaunta na mkasi wake, akikata polepole, na kila baada ya picha nne alizipanga na kuzitazama kana kwamba angeulizwa habari zao.

Tajudin aliipokea picha kwa mikono miwili, akaiweka kwenye skana, na mara mtoto yule wa miezi saba akajaa kwenye kioo cha kompyuta. Papo hapo Tajudin akaanza kueleza alivyoona kazi hiyo ifanyike. Uso uletwe mbele. Kiti kitolewe, maana kimechukua nusu ya picha bila faida. Nyuma iwekwe bustani, au kama kaka anapenda, ziwa. Luhaga alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba yeye amekuja kwa ajili ya kiti. Anataka kila kilichomo kibaki kama kilivyo.

Tajudin hakukasirika. Alichukua rula akapima picha: inchi nne kwa tano. Halafu akanyoosha mkono ukutani kulikotundikwa fremu za kuuza, akateremsha moja yenye ukingo wa rangi ya dhahabu, inchi kumi na sita kwa ishirini, akaonyesha jinsi hesabu ilivyokaa. Nne mara nne ni kumi na sita, tano mara nne ni ishirini. Pande zote mbili zinakua kwa kipimo kilekile, hivyo hakuna ukingo utakaopotea. Alisema ni wateja wachache mno wanaobahatika hivyo. Wengi huleta picha ndefu wakataka iingie kwenye fremu fupi, na hapo lazima kitu kikatwe, mara nywele, mara viatu, kisha lawama zije kwake. Luhaga, ambaye maisha yake yote yako kwenye vipimo, aliipenda hesabu hiyo. Akaichukua fremu palepale.

Ndipo mzee Khatibu alipoweka mkasi chini na kuomba aione picha. Aliisogeza karibu na miwani, akaigeuza, akasoma namba, akaigeuza tena.

“Umesema umekuja kwa ajili ya nini?” aliuliza.

“Kiti, mzee. Yaani hiyo khanga iliyo juu ya kiti.”

“Kiti kipi?”

Tajudin alicheka, akamwomba mteja amwie radhi baba yake, macho ya mzee si kama ya zamani. Mzee Khatibu hakumjali.

“Kutoka hapa hadi Mkula nilikuwa nakwenda kwa baiskeli, kijiji hadi kijiji, siku tatu njiani. Nyuma nimefunga kamera, miguu yake mitatu na begi la filamu. Kiti ningekibeba wapi, kichwani? Hapa hakuna kiti, mwanangu. Huyu ni mtu. Umekalia mapaja ya mtu.”

Luhaga aliichukua picha kutoka mkononi mwa mzee, akaitazama kama anavyotazama mizani aliyoambiwa kuwa imekuwa ikidanganya. Kiegemeo kilikuwa na mviringo juu. Mikono ya kiti ilikuwa imeteremka upande mmoja zaidi ya mwingine. Kwenye kiuno cha mtoto, khanga ilikuwa imejikunja mahali pawili, na mikunjo hiyo, sasa alipoambiwa, ilikuwa ni vidole.

Mzee Khatibu alieleza. Miaka ile watu walitaka mtoto, hasa wa kwanza, apigwe picha akiwa peke yake, ameketi kama mtu mzima. Lakini mtoto wa miezi saba hakai peke yake; atalala upande, au ataona kamera alie. Kwa hiyo mwanamke wa nyumbani aliketi kwenye kigoda, akafunikwa khanga gubigubi, kisha mtoto akawekwa mapajani mwake. Mwanamke huyo alimshika mtoto kwa ndani ya nguo, akanyamaza kimya, na mpiga picha akafanya kazi haraka kabla aliyefunikwa hajakosa hewa. Alipozisafisha picha, kazi yake iliyobaki ilikuwa kuhakikisha kwamba yule aliyeshika haonekani hata ukucha.

“Nilikuwa hodari sana wa kuwaficha,” alisema, na hakusema kwa majivuno.

Swali la Luhaga lilitoka kwa sauti ndogo. Alitaka kujua mtu huyo alikuwa nani.

Mzee alikiri kwamba hakumbuki. Aliwaficha wanawake mamia. Mara nyingi alikuwa mama, lakini si kila mara. Kama mama ni mgonjwa au yuko shambani, aliketi bibi, shangazi, jirani, yeyote ambaye mtoto alimzoea. Khanga nayo haikuwa ushahidi, kwa kuwa iliyotumika ilikuwa ile nzuri kuliko zote nyumbani, bila kujali aliyeivaa. Luhaga aliinamisha kichwa. Dakika chache zilizopita alikuwa mtu asiye na picha ya mama yake na aliyekwisha kulizoea jambo hilo. Sasa huenda alikuwa amekaa na mama yake kwenye ukuta mmoja kwa miaka arobaini, na huenda aliyekuwa naye ni jirani.

“Negativu itakuwapo,” mzee Khatibu alisema. “Kwenye negativu kuna zaidi ya hiki.”

Katika chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa chumba cha giza, kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga yaliyopangwa kwa miaka. Tajudin alikuwa amekwisha kuomba ruhusa ya kuyatupa zaidi ya mara moja, na mara zote alijibiwa kwamba yatatupwa siku mwenyewe atakapotupwa. Kopo la 1985 lilikuwa na bahasha za karatasi ya madaftari. Mzee alizipitia kwa kidole, akisoma namba kwa kunong’ona, hadi akaitoa moja iliyoandikwa Mashimba, Mkula. Ndani yake kulikuwa na kipande cha filamu chenye picha tatu zinazofanana. Alikiinua kwenye mwanga wa mlango, akampa Luhaga nafasi ya kuchungulia.

Alichokiona kilikuwa kinyume: mtoto mweusi wa picha akawa mweupe, na mchana ukawa usiku. Lakini umbo lilikuwa wazi. Khanga haikuishia pale picha yake ya nyumbani ilipoishia. Iliteremka zaidi, ikafika kwenye upindo, na chini ya upindo, juu ya udongo, palikuwa na miguu miwili pekupeku.

Luhaga aliomba aelezwe namna kitu kikubwa hivyo kilivyoweza kupotea. Mzee Khatibu alionekana kufurahi kuulizwa. Pengine ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwombe kueleza kazi yake. Filamu, alisema, ni ndefu: kila upana wa mbili una urefu wa tatu. Picha yenye upana wa inchi nne hudai urefu wa inchi sita. Ila mwaka ule karatasi za picha zilikuwa adimu. Alipata za inchi nane kwa kumi, na kila moja akaikata vipande vinne ili itoshe watu wanne. Kila kipande kikawa inchi nne kwa tano. Inchi moja ya kila mtu ilibaki nje ya karatasi. Uamuzi wake ulikuwa ni inchi ipi, ya juu au ya chini, na palipokuwa na miguu ya aliyefichwa hakuhitaji kufikiri.

“Kwa hiyo karatasi ilikosekana,” alisema, “na mimi nikaona ni heri.”

Kutoka hapo Luhaga alijua anachokitafuta. Miguu si uso, lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyebaki ambaye angeweza kuitambua. Baba yake na bibi yake walikuwa wametangulia. Shangazi Ernestina hakuwapo siku ya picha, kwa kuwa alikuwa ameolewa Lamadi kwa wavuvi na kuanza biashara yake ya samaki wa kukaushwa. Ila kabla ya kuolewa alilima shamba moja na Nyanjige kwa misimu miwili. Tajudin aliiingiza negativu kwenye kompyuta, akaigeuza rangi, akamtumia Debora, mjukuu wa shangazi, kwa simu. Baada ya muda Debora akapiga. Bibi amewekewa simu mbele ya macho, alisema, lakini ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na kioo kinamchoma. Sauti ya shangazi ikasikika kwa mbali ikisema haoni mtu, anaona taa.

Basi ikaamuliwa kwamba picha ichapishwe kwenye karatasi isiyong’aa, kubwa kiasi cha shangazi kuweza kuisogelea na kuisoma kwa karibu. Mashine ya Tajudin haikuweza ukubwa huo. Aliituma kazi Mwanza, kwenye maabara ya picha anayoitumia siku zote, na Luhaga akarudi Mkula. Usiku huo Goodness alimuuliza mara mbili kama ameumwa njiani.

Siku ya tatu bahasha ilifika Bariadi kwa basi, na Luhaga naye akafika. Tajudin alikuwa amekwisha kuipachika picha ndani ya fremu ya dhahabu, akaifunika kwa kitambaa ili aifunue mbele yake. Aliifunua.

Mtoto alikuwa mkubwa mara nne kuliko Luhaga alivyozoea kumwona. Maua ya khanga yalikuwa korosho, kila moja na kikonyo chake. Mikunjo ya vidole kiunoni ilikuwa wazi hata kwa asiyeambiwa. Luhaga aliteremsha macho hadi chini. Upindo wa khanga ulikuwapo. Vifundo viwili vya miguu vilikuwapo. Halafu fremu.

“Vidole viko wapi?” aliuliza.

Tajudin aliinama akatazama, na furaha ikamtoka usoni polepole. Hakutafuta mtu wa kumlaumu. Alieleza kwamba kwa mazoea, na kwa sababu fremu ilikwisha kununuliwa, aliandika kumi na sita kwa ishirini. Picha nzima ingedai kumi na sita kwa ishirini na nne. Mashine haiulizi, hujaza karatasi iliyotajwa, na kilichozidi hukikata nusu juu na nusu chini. Inchi mbili zilitoka juu na mbili chini, na mbili hizo za chini zilikuwa vidole kumi.

Mzee Khatibu alikuwa amesimama nyuma yao bila wao kujua. Alichukua rula, akaiweka juu ya picha ndogo ya zamani, kisha juu ya fremu.

“Umeona tulichofanya?” alimwambia mwanawe. “Nne kwa tano, kumi na sita kwa ishirini. Umbo ni lilelile. Mimi nilimkata miguu kwa karatasi ndogo, wewe umemkata kwa karatasi kubwa. Ukubwa hausaidii kitu kama umbo halikubadilika. Unaweza kuikuza hadi ifunike ukuta wa soko, na miguu bado itakuwa nje.”

Tajudin aliuliza kama zote nne zisingeweza kutolewa juu, ili chini pabaki pazima. Juu, alisema, hakuna kitu, mtoto anaanzia chini kabisa ya hapo. Akaisogeza picha kwenye kompyuta kuonyesha. Ukingo wa juu ukashuka, ukapita kwenye mviringo wa kile walichokuwa wakikiita kiegemeo.

“Hapana,” Luhaga alisema. “Hapo ni kichwa chake.”

Ilikuwa mara ya kwanza Luhaga kusema neno “chake” bila kuweka neno “huenda” mbele.

Njia ya tatu ilipendekezwa na mzee: picha nzima ipunguzwe hadi urefu wake uwe ishirini, ikae katikati ya karatasi, na pembeni pabaki ukanda mweupe kushoto na kulia. Hakuna kingekatwa, na fremu ingefaa. Tajudin alikiri kwamba hesabu ni sahihi, ingawa wateja wake huuchukia ukanda mweupe wakidhani wamepunjwa karatasi. Luhaga alilifikiria pendekezo hilo kwa uzito uliostahili. Mwishowe alisema kwamba kama mwenye kutazama angekuwa yeye, angeridhika. Lakini macho ya shangazi yanahitaji kila inchi. Afadhali fremu ikose kazi. Aliiomba picha ya kumi na sita kwa ishirini na nne, tupu, bila ukingo wowote, akataka aandike yeye mwenyewe kipimo hicho kwenye karatasi ya kazi.

Tajudin alimpa kalamu. Kisha akasema kosa ni lake na karatasi ya pili ni juu yake, na Luhaga alipotaka kukataa, mzee Khatibu aliwanyamazisha wote wawili.

“Mwache alipe,” alisema. “Mimi nimechelewa miaka arobaini. Yeye amechelewa siku tatu tu.”

Wakati wa kuagana Luhaga alimshukuru mzee kwa kuyatunza makopo. Mzee alikuwa akimtafutia mfuko wa kubebea daftari lake, na alijibu bila kugeuka. Alisema kwa kweli hakuyatunza kwa ajili ya wateja. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kuulizia negativu. Aliyatunza kwa sababu kila alipofikiri kuyachoma aliwakumbuka wale wanawake wamekaa ndani ya joto la khanga, hawapumui vizuri, hawaonekani, na hawalalamiki. Picha zote nzuri za watoto alizosifiwa nazo zilikuwa za kwao. Aliona aibu kuwachoma.

“Nilikuwa nikimaliza, namfunua, namwambia asante mama,” alisema. “Hilo nililifanya kila mara. Kama ni mama yako, aliambiwa asante.”

Picha ya pili ilikuja ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Luhaga hakuifungua Bariadi wala Mkula. Ndani ya basi aliipitisha nyumbani akiwa ameishika wima kati ya magoti, akashuka Lamadi saa nne asubuhi, akafuata njia ya sokoni hadi kwa shangazi yake, ambaye alikuwa uani akisimamia upangaji wa samaki kwenye matenga. Ernestina, mwanamke mrefu wa miaka sabini na minane, alikuwa ameacha kuona sura za watu, lakini aliwajua wote kwa hatua zao na samaki wote kwa kuwagusa.

“Mwangaluka, sengi,” Luhaga alisalimu, kwa jina ambalo Wasukuma humwita dada wa baba.

“Mwangaluka, baba. Umekuja na fimbo?”

Alimwambia si fimbo, ni picha. Alimweleza yote kwa utaratibu, khanga, kigoda, negativu, karatasi iliyokosekana, na kwamba hakuna anayejua aliyekuwa ndani. Hakumwambia anatumaini nini. Debora alitandika mkeka kwenye kivuli, wakaifungua picha, wakaishikilia pembe nne kwa mawe madogo ili isijiviringishe.

Shangazi alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta, akapiga magoti, akaanza kutoka juu. Uso wake ulikuwa karibu na karatasi kama mtu anayenusa. Aliupita mviringo wa kichwa. Alimfikia mtoto, akasema alikuwa mnene kupita kiasi. Aliifikia khanga, akasema hii ndiyo, aliinunua kule Nyashimo, na mwenye duka alikuwa mkali. Luhaga alikuwa amesimama, na mikono hakujua aiweke wapi. Shangazi akazidi kuteremka, akauvuka upindo, na pale chini kabisa, katika inchi zile za mwisho, uso wake ukatulia.

Mabega yake yakaanza kutikisika, na Debora akamshika akidhani analia. Alikuwa akicheka.

“Wifi,” alisema, akiiambia karatasi. “Kumbe ulijificha huku.”

Luhaga alichuchumaa. “Ni yeye?”

“Tazama kidole cha pili. Kinakipita kidole gumba, miguu yote miwili. Nilimtania kwa hicho kidole mpaka akataka kunipiga na jembe. Nilimwambia, wifi, wewe ukitoka nyumbani kidole hicho kinafika shambani mapema, kinaanza kulima.” Alicheka tena, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. “Vua viatu.”

“Mimi?”

“Nani mwingine hapa ni mtoto wa Nyanjige? Vua.”

Luhaga alivua viatu na soksi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini, na miguu hiyo alikuwa ameiosha kila siku bila kuwahi kufikiri kwamba imetoka mahali. Shangazi aliushika mguu wake wa kulia, akauvuta bila taratibu hadi kando ya karatasi, akapitisha kidole chake juu ya picha, halafu juu ya mguu, halafu juu ya picha tena. Debora alisogea akatazama, na alichosema ni “Bibi, ni kweli kabisa.”

Luhaga alimuuliza shangazi kwa nini hakumwambia jambo hilo zamani. Shangazi alijibu kwamba Luhaga alipokuwa mdogo, akitembea pekupeku uani, yeye alikuwa akikiona kidole hicho kila alipokwenda kuwasalimia, na kila mara alinyamaza. Bibi wa Luhaga, kwa uchungu, hakuweza kusikia jina la Nyanjige likitajwa. Alikuwa akiondoka mezani na kwenda kulala bila kula. Wakaacha kulitaja kwa ajili yake. Kisha Luhaga akaanza kuvaa viatu, bibi akazeeka, na kunyamaza kukawa desturi ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

“Tulikukosea,” alisema.

“Hapana, sengi. Nimefika.”

Ernestina hakuyaondoa macho kwenye karatasi. Alikuwa amerudi juu kidogo, kwenye kiuno cha mtoto, akaweka kiganja chake pale khanga ilipojikunja, kidole chake juu ya kila mkunjo, hadi vikatoshana.

“Alikushika vizuri,” alisema. “Tazama unavyokaa. Mtu anayeshikwa vibaya hakai hivi.” Kisha akaiambia karatasi, kwa sauti ya kawaida ambayo mtu humwambia mwenzake aliye upande wa pili wa mkeka, “Asante, wifi. Hakuanguka.”

Luhaga naye alitaka kusema neno, na neno alilokuwa nalo lilikuwa hilo hilo moja. Alilisema kwa Kisukuma, wabeeja, mayu, asante mama, kimya kimya, akiwa ameketi chini pekupeku, mguu wake ukiwa bado umelazwa kando ya mguu wa mama yake, na hakuona haraka yoyote ya kuuondoa.